Moto wa grili kwenye trela unawaka kama mshumaa. Tatizo ni nini?

#1 Trela_Entebbe
Wadau, habari za jioni. Mwezi uliopita nilinunua trela ya kambi kwa wazungu wawili walioivuta kwa barabara kutoka Afrika Kusini. Walipofika Jinja wakachoka, wakaiuza, wakapanda ndege. Mbele ina sanduku la mitungi miwili, na hapo pamefungwa regyuleta ya duara kama kisahani cha chai. Kutoka hapo paipu ya shaba inapita chini ya bodi hadi kwenye jiko la ndani la pleti mbili. Ubavuni, nyuma ya gurudumu, kuna mdomo wa shaba wa kuchomekea mpira wa gesi: unavuta kola nyuma, unasukuma, inalia "tak", unafungua koki.

Nina grili ndogo ya Marekani ya kubeba mkononi, shemeji aliniachia. Imetengenezwa kutumia vile vichupa vya paundi moja ambavyo nimevitafuta Kampala nzima hadi nikakata tamaa. Nikanunua mpira na adapta, nikachomeka grili kwenye huo mdomo wa trela. Jumamosi tulikuwa Ziwa Bunyonyi. Moto unawaka, lakini kama mshumaa wa kanisani. Kilo mbili za mbuzi, saa mbili na nusu, nyama imekuwa ya kijivu tu. Watoto wakala mkate wakalala.

Jiko la ndani linafanya kazi. Na grili ilipokuwa kwa shemeji ilikuwa inaunguza nyama, anaapa. Sasa kosa liko wapi?

#2 Bwana_Posho
Mbuzi hapikwi na gesi ssebo. Sigiri na makaa, basi. Nimekaa hapa pembeni nisome.

#3 FundiKatwe
Kosa ni moja na nimeliona mara nyingi. Una regyuleta mbili kwenye mstari mmoja. Ile ya mbele ya trela inashusha presha ya mtungi hadi milibari 28. Ndicho kipimo cha Afrika Kusini, wenyewe huandika kilopaskali 2.8. Mmarekani kwenye trela zake anasema inchi 11 za maji, na ni karibu kitu kilekile. Huo mdomo wa ubavuni uko baada ya regyuleta, kwa hiyo gesi inayotoka hapo imeshapoozwa. Grili yako nayo ina regyuleta yake, kile kifundo kinene panapofungwa kichupa. Hiyo ilizoea presha kamili ya kichupa, bar kadhaa. Wewe unaipa gesi iliyopoa, inaipooza tena.

Toa regyuleta ya grili, unganisha mpira moja kwa moja. Kwisha.

#4 MamaRolex
Fundi, mimi nina mtungi wa kilo 6, jiko limekaa juu yake palepale, hakuna regyuleta wala mpira. Nakaanga chapati na mayai miaka minne sasa hapa Wandegeya. Mbona mnaitukuza sana hiyo regyuleta?

#5 FundiKatwe
@MamaRolex jiko lako lina kitundu kidogo kama ncha ya sindano na koki ya kubana. Lilichongwa kwa presha ya mtungi tangu kiwandani. Ukichukua jiko la mezani la nyumbani ukalifunga hivyo, utapoteza nyusi.

#6 Mtanga_Kampala
Regyuleta, koki, nozeli... Jamani lugha ina neno lake: kidhibiti. Ninyi Waganda mtatuua.

#7 Trela_Entebbe
@Mtanga_Kampala karibu sana. Kiswahili ni lugha rasmi hapa, baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022. Nenda soko la vipuri la Kiseka ukaulize "kidhibiti" uone kama hawatakuuzia kitu cha gia.

@FundiKatwe nashukuru, nitaijaribu wikendi.

#8 Nakuru_hadi_Kidepo
Subiri kwanza usitoe kitu! Fundi ana haki nusu. Mimi nilifanya hivyohivyo na jiko la kambi la pleti mbili, lile la sanduku la kijani linalofunguka kama briefkesi. Nikatoa regyuleta yake, nikaunganisha kwenye upande wa presha ndogo wa trela. Moto ukawa mdogo kuliko mwanzo.

Sababu: si kila regyuleta ya jiko la kubebwa inashusha hadi 28. Ile ya jiko langu inaacha presha kubwa zaidi ya hapo, na nozeli zake, yaani vimdomo vya kutolea gesi, zimetobolewa vitundu vidogo kwa sababu hiyo. Ukilipa milibari 28, kitundu kile hakipitishi gesi ya kutosha. Itabidi ubadilishe na nozeli. Kwa hiyo kwanza jua grili yako ni ya kundi gani. Cadac wa Afrika Kusini, kwa mfano, wanauza Safari Chef ya presha ndogo na nyingine ya presha kubwa. Kwa macho ni pacha.

Mimi mwishowe niliirudisha regyuleta ya jiko mahali pake, nikaweka tii (kiungo cha njia tatu) kule mbele, kati ya mtungi na regyuleta ya trela. Tawi moja linaenda trela kama kawaida, la pili linatoa presha kamili kwa mpira wa jiko. Jiko linadhani limefungwa kichupa chake. Halijui kama liko Kidepo.

#9 FundiKatwe
Tii ni nzuri, lakini sema yote. Huo mpira wa tawi la pili unabeba presha ya mtungi. Propeni kwenye digrii 20 ni kama bar 7 juu ya hewa ya nje, mara mia mbili na zaidi ya ile milibari 28. Mpira wa jiko la nyumbani haufai hapo, na ule wa maji usiuweke hata kwa mzaha, gesi inaula. Na mpira upite nje, usiingie ndani ya trela kabisa.

#10 Kisoro_Baridi
Mnazunguka wee. Amesema alikuwa BUNYONYI. Karibu mita 2,000 juu, jioni baridi. Mimi naishi huku. Gesi ya kwetu huuzwa mchanganyiko wa propeni na buteni, na buteni ikipoa inalala chini ya mtungi kama ng'ombe. Pia mlimani presha ya gesi hushuka. Mwambieni awashe hiyo grili Entebbe, ataona moto.

#11 MhandisiWaUsiku
@Kisoro_Baridi kwa heshima, jambo moja ni kweli, moja si kweli.

Presha ndani ya mtungi haiangalii mlima. Inafuata joto na aina ya gesi. Ukiipima dhidi ya hewa ya nje, mlimani inazidi kidogo, haipungui. Kinachopungua ni hewa. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo moto unakosa hewa, unakuwa na ncha za njano na masizi chini ya sufuria. Mshumaa mdogo wa bluu si dalili ya mlima. @Trela_Entebbe moto ulikuwa rangi gani?

Kuhusu buteni: inaacha kuchemka karibu na nyuzi 0, propeni hadi 42 chini ya sifuri. Bunyonyi jioni ni nyuzi kumi na kitu. Hapo hata buteni tupu ina karibu nusu bar juu ya hewa, yaani milibari 500. Regyuleta inataka 28 tu.

#12 Kisoro_Baridi
Hizo ni hesabu za mtungi uliokaa kimya. Ukitoa gesi kwa nguvu mtungi wenyewe unapoa, unatoa jasho, wakati mwingine unashika ukungu mweupe. Na propeni ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo mtungi unaokaribia kuisha umebaki na buteni nyingi. Muulize mtungi wake ulikuwa na kiasi gani.

#13 MhandisiWaUsiku
Hilo la mwisho nakubali. Ila kwa grili ndogo moja, mtungi wa kilo 12 haupoi kiasi hicho.

#14 Trela_Entebbe
Rangi: bluu, fupi, upande wa kushoto kama na njano kidogo. Mtungi ulikuwa mpya, niliubadilisha Mbarara njiani.

#15 Afande_Mstaafu
Vijana, shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi naleta ushahidi wa mahakama.

Ziwa Mburo, miaka kadhaa nyuma. Rafiki yangu alisikia maneno kama haya ya "toa regyuleta", akaelewa vibaya, akatoa ZOTE. Ya trela akaitoa, ya jiko akaitoa, akafunga mpira kutoka mtungini hadi kwenye jiko. Akawasha kiberiti. Moto ulipanda hadi kifuani, unanguruma kama basi la Gateway likipanda mlima. Vishikizo vya plastiki vikayeyuka vikatiririka kama nta. Hakuna aliyeweza kusogea kufunga koki ya jiko. Dereva mmoja alizunguka nyuma, akafunga valvu ya mtungi akiwa ameshika taulo lililolowa. Pundamilia walikuwa mita thelathini, hawakuacha hata kula.

Kwa hiyo Fundi unapoandika "toa", andika pia "ipi".

#16 FundiKatwe
Afande, nimepokea. YA GRILI. Ya trela haiguswi.

#17 Kijana_wa_Gulu
Samahani naingilia. Mimi nina gari la van nalala humo. Naweza kuweka mtungi wa kilo 6 chini ya kitanda nikaacha dirisha la juu wazi? Kwani gesi ikivuja inapanda juu si ndiyo?

#18 BintiMbale
HAPANA kaka. Inashuka. Propeni ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, buteni mara mbili. Ikivuja inajaa sakafuni kama maji, inakungoja chini ya kitanda. Ndiyo maana sanduku la mitungi la trela lina matundu chini, sakafuni, na halina mlango wa kuingilia ndani. Mtungi ukae nje.

#19 Bwana_Posho
Na sigiri je? Mvua ikinyesha naruhusiwa kuingia nayo kwenye hema?

#20 BintiMbale
@Bwana_Posho ingia nayo tu, ila tuachie namba ya ndugu zako kwanza. Moshi wa makaa usioonekana haupigi hodi.

Turudi. @Trela_Entebbe hiyo njano ya kushoto inanisumbua. Grili ilikaa wapi kabla hujaitumia?

#21 Trela_Entebbe
Gereji kwa shemeji Bweyogerere, kama miaka miwili. Kwa nini?

#22 BintiMbale
Nyigu. Wale wanaojenga kwa tope. Yangu ilikaa stoo mwaka mmoja, nikaiwasha, upande mmoja haushiki, upande mwingine moto unarudi nyuma unalamba vishikizo. Nikafungua, nikakuta ndani ya lile bomba la kuchanganyia gesi na hewa kuna nyumba ya tope, vyumba vitatu, viwili vina wapangaji. Wengine huko nje wanasumbuliwa na buibui, sisi ni nyigu. Chukua waya laini au brashi ya kusafishia chupa ya mtoto.

#23 Trela_Entebbe
Hahaha dada, sasa na nyigu wameingia kwenye uzi. Nitaangalia.

Haya, naweka picha za sanduku la mbele, mnaoomba picha mtulie.
[picha 1] [picha 2]

#24 FundiKatwe
Ngoja.

Ngoja kidogo.

Hiyo picha ya pili. Huo ni mtungi wa hapa, wa kuchapa regyuleta juu, klik. Mitungi ya Afrika Kusini iko wapi?

#25 Trela_Entebbe
Iko nyumbani, mitupu. Hakuna bohari iliyokubali kuijaza, mdomo wake haufanani na wa hapa. Kwa hiyo jamaa mmoja mwenye duka la gesi aliniuzia mtungi wa hapa pamoja na regyuleta yake ya klik, akaunganisha mpira wake kwenye ile regyuleta ya duara ya trela. Akanichaji elfu themanini. Inafanya kazi, haivuji, nilipima kwa sabuni.

#26 FundiKatwe
😂😂😂 TATU! Una regyuleta TATU! Ile ya klik peke yake inatoa milibari karibu 30. Inaingia kwenye ya trela. Inatoka inaingia kwenye ya grili. Gesi inafika kwenye nyama ikiwa imestaafu.

#27 Mtanga_Kampala
Vidhibiti vitatu. Hiyo gesi imedhibitiwa kuliko bajeti yangu.

#28 MamaRolex
Yaani mimi sina hata moja, mwenzangu anazo tatu na bado analala njaa.

#29 Nakuru_hadi_Kidepo
Na sasa tii yangu haiwezekani kwako. Mtungi wa klik hauna mahali pa kuweka tii kabla ya regyuleta, kwa sababu regyuleta inakaa juu ya valvu yenyewe.

#30 Trela_Entebbe
Lakini jiko la ndani linafanya kazi! Kama ni tatu, hilo lina mbili, mbona linawaka?

(Mke wangu amesoma hapa begani anasema niwaambie ukweli: maji ya chai yanachukua dakika ishirini na tano, na alishaniambia. Sawa. "Linafanya kazi" maana yake linawaka.)

#31 Afande_Mstaafu
Msalimie mama watoto. Shahidi muhimu kuliko wote na hakuitwa tangu mwanzo.

#32 MhandisiWaUsiku
Fundi yuko karibu na ukweli lakini maelezo yake yana tundu, na tundu ndilo jibu lenyewe. Regyuleta haigawanyi presha. Haichukui 28 ikaifanya 14. Ndani ina ngozi ya mpira, springi, na kiziba juu ya kitundu. Presha ya kutokea ikiwa chini ya 28, springi inafungua kiziba chote. Kwa hiyo ukiipa 28, inajiachia wazi kabisa. Shida ni kwamba kile kitundu cha kuingilia ni kidogo mno, kilipimwa kwa gesi inayosukumwa na bar 7. Ikisukumwa na milibari 28 inapenya kidogokidogo. Pasipo moto, utaona presha nzuri. Ukiwasha, inaanguka. Na gesi inayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha: ikibaki robo ya presha, unapata nusu ya gesi.

Unaweza kulipima hili bila kununua kifaa. Tafuta fundi mwashi yeyote akuazime paipu yake ya leveli, ile nyembamba inayoona ndani. Ipinde kama herufi U, uifunge kwenye ubao pamoja na futi ya cherehani, tia maji hadi nusu. Ncha moja ichomeke kwenye mdomo wa ubavuni kupitia mpira wako, ncha ya pili iache wazi. Fungua koki taratibu. Maji yatashuka upande mmoja, yatapanda upande wa pili. Pima tofauti kati ya vimo viwili. Kila sentimita ni karibu milibari moja. Unataka 28. Pima kwanza bila moto, halafu na pleti moja, halafu mbili.

Usithubutu kufanya hivi upande wa mtungini. Maji yatakuogesha na gesi itafuata.

#33 Bwana_Posho
Nimekuja kusoma habari za mbuzi, nimeingia darasa la fizikia. Nani atasahihisha mtihani?

#34 Trela_Entebbe
Nimepima leo asubuhi kwa paipu ya fundi anayejenga kwa jirani. Amesimama pembeni anacheka muda wote.

Bila moto: maji yametulia kwenye tofauti ya sentimita 29. Nikashangilia, nikasema Fundi na Mhandisi wote waongo. Nikamwambia mke wangu awashe pleti moja. Maji yakashuka hapohapo, yakatetemeka kidogo, yakakaa 19. Pleti mbili: 11. Tukaangaliana na mwashi. Akasema, "Ssebo, nyumba yako inainama."

#35 FundiKatwe
😂 Mpe mwashi huyo soda. Nimeshinda kesi.

#36 Nakuru_hadi_Kidepo
Hujashinda. Kushuka kutoka 29 hadi 11 kunaonyesha kuna mahali pamebana, hakuonyeshi ni wapi. Inaweza kuwa regyuleta mbili mfululizo. Inaweza kuwa paipu. Hiyo trela imetoka Afrika Kusini kwa barabara, imepita murramu ya nchi ngapi? Lala chini uangalie paipu ya shaba. Yangu ilipigwa na jiwe karibu na Kaabong ikabonyea kama kopo la soda. Haikuvuja, ilibana tu. Nilihangaika mwezi mzima nikilaumu mtungi.

#37 Trela_Entebbe
Nimelala chini. Kuna mbonyeo. Mdogo, karibu na ekseli. Naweza kuingiza ukucha.

#38 Nakuru_hadi_Kidepo
AHAA.

#39 FundiKatwe
Ukucha si kitu. Paipu ya milimita 8 ikibonyea ukucha bado inapitisha gesi ya majiko matatu. Toa ile ya klik upime tena.

#40 Trela_Entebbe
Nitoe ya klik niweke nini? Mtungi wa hapa haufungi kwenye trela bila hiyo.

#41 FundiKatwe
Basi fanya kinyume. Acha ya klik, toa ya duara ya trela, unganisha mpira kwenye paipu ya shaba moja kwa moja. Milibari 30 na 28 ni ndugu. Utabaki na regyuleta moja kwa jiko la ndani, ambayo ndiyo sahihi. Kumbuka nati za gesi zina uzi wa kushoto, zile zenye mikato kwenye kona. Kulegeza unazungusha kulia. Watu wamevunja spana hapo kwa hasira.

#42 Afande_Mstaafu
Juzi ulisema "ya trela haiguswi". Nimeandika kwenye daftari, post namba 16.

#43 FundiKatwe
Afande hiyo ilikuwa kabla ya picha 😅. Hali imebadilika.

#44 MhandisiWaUsiku
Wazo la Fundi linafanya kazi, ila mpira wa klik usiokotwe ukavutwa hadi chini ya trela. Uwe mfupi, mpya, wenye klipu za chuma pande zote mbili. Na siku utakaporudisha mitungi ya Afrika Kusini, ya duara lazima irudi KABLA hujafungua valvu. Bandika karatasi. Watu husahau, na yaliyotokea Mburo yanajirudia.

#45 Kijana_wa_Gulu
Kuna jamaa ameniambia kuna regyuleta nyekundu ya kuzungusha, ya majiko makubwa ya hoteli, inachapwa kwenye mtungi wa hapa na inatoa presha kubwa. Si angeweka hiyo mbele ya ya trela?

#46 Nakuru_hadi_Kidepo
Nimeona watu wakifanya hivyo. Nimeona pia watu wakivuka Jinja Road wakiwa wamefumba macho.

#47 MhandisiWaUsiku
@Nakuru si mbaya kiasi hicho, kimsingi ni kupunguza presha kwa hatua mbili, trela nyingi zinafanya hivyo. Lakini hizo nyekundu za kuzungusha, mtoto akipita akazungusha, umebadilisha kila kitu. Mimi nisingeweka.

#48 MamaRolex
Naomba niulize swali la mtu asiyesoma. Kwa nini asinunue mtungi wa kilo 6 wa uzi kama wangu, atafute adapta ya kuingia kwenye mdomo wa grili, aweke grili na mtungi wake kando, trela ibaki na mambo yake?

#49 Nakuru_hadi_Kidepo
...

Mama ana hoja. Grili inabaki na regyuleta yake, inapata presha kamili. Hakuna kukata chochote.

#50 Trela_Entebbe
Sasa ule mdomo wa ubavuni niliolipia ni wa kazi gani? Ndiyo sababu niliinunua trela hii! Nilitaka kuchomeka "tak" nikae kwenye kiti.

#51 Mtanga_Kampala
Chomeka mpira, isikie "tak", kisha nenda ukawashe sigiri. Sauti umeipata.

#52 Bwana_Posho
Kuna pesa hapa lakini. AFCON 2027 inakuja, uwanja wa Namboole utajaa. Trela, grili nne, muchomo (nyama choma) nje ya geti. @Trela_Entebbe tushirikiane. Mimi naleta mbuzi, wewe lete regyuleta, unazo za akiba.

#53 Kisoro_Baridi
Kabla hamjafungua kampuni: amepima Entebbe, asubuhi, jua limetoka. Hajapima Bunyonyi usiku. Nimekaa paleee nasubiri.

#54 Trela_Entebbe
Mrejesho. Nimechukua ushauri wa Fundi #41 na Mhandisi #44. Regyuleta ya duara imetoka, mpira mpya mfupi, klipu mbili, sabuni kila ungio, hakuna povu. Paipu ya leveli: bila moto 30, pleti moja 28, pleti mbili 25. Mke wangu amechemsha chai kwa dakika nane na hajasema neno, anatabasamu tu, ni vibaya zaidi.

Grili: nimetoa regyuleta yake pia, nimechomeka ubavuni. Kulia moto umesimama bluu, unanguruma vizuri. Kushoto bado mshumaa, na njano.

#55 FundiKatwe
Kushoto ni nozeli. Ilete Katwe niisafishe.

#56 Nakuru_hadi_Kidepo
Kushoto ni kwa sababu nozeli za grili hiyo si za 28, nilisema #8.

#57 Kisoro_Baridi
Kulia kungekuwa Bunyonyi pia kungekuwa mshumaa.

#58 BintiMbale
@Trela_Entebbe umeangalia lile bomba?

#59 Trela_Entebbe
Dada, samahani nilikucheka #23. Nimepitisha waya sasa hivi bomba la kushoto. Tope. Chumba kimoja, na mwenye nyumba yumo.